Mlo wa Pili wa Mbu

Mwaka 1877, huko Amoy katika pwani ya China, daktari Mskoti Patrick Manson alimlaza mtunza bustani wake mahali penye mbu. Mtu huyo alikuwa na vimelea vya matende katika damu. Kulipokucha Manson aliwapasua mbu walioshiba, akaona vimelea vinakua ndani yao. Ugunduzi ulikuwa mkubwa, ila ulikuja na kosa: aliamini mbu hunywa damu mara moja tu, hutaga mayai majini na kufia humo humo. Akahitimisha kwamba mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo.

Kosa hilo likasafiri hadi India. Ronald Ross, aliyefundishwa na Manson, mwaka 1895 aliwanywesha watu maji waliyofia mbu akisubiri homa. Mnamo 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyemuuma. Mwaka uliofuata Ross alithibitisha kwa malaria ya ndege kwamba maambukizi hupita kwenye kuuma, si kwenye maji. Mbu, kumbe, hurudi kula.

Kinachomrudisha ni mayai. Utamu wa maua unatosha kumpa nguvu za kuruka, na dume hahitaji zaidi ya huo. Jike anahitaji protini ya kujaza viini vya mayai, nayo huipata kwenye damu. Mtazame Anofelesi, mbu wa malaria, akinyonya: kichwa chini, mkia juu, na ncha ya mkia inatoa tone la majimaji, mara nyingine lenye wekundu. Anamwaga maji ili abaki na kizito. Ajabu ni kwamba himoglobini ya mtu mzima haina kabisa isolusini, mojawapo ya asidi amino anazozihitaji, hivyo inambidi aitafute kwenye protini nyingine za damu. Kwa mbu, sisi ni sinia kubwa la ugali lenye mboga kidogo.

Baada ya kushiba hutulia ukutani siku mbili tatu, kwenye joto la kwetu, hadi mayai yapevuke. Akishataga, huja tena. Kimelea cha malaria huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake, kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyekwisha kuzaa mara kadhaa.

Hapo ndipo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, inapoingia katika historia hii. Katika miaka ya 1950 Mick Gillies, mtafiti wa wadudu wa hapo Amani, alikuwa akipasua mbu wa Tanganyika na kuchunguza ovari zao. Mwaka 1954 alieleza kwamba majike wachanga wengi wa *Anopheles gambiae* hunywa damu ya kwanza bila kupata yai hata moja. Mbu aliyekulia kwenye dimbwi lenye chakula haba hutoka mdogo, akiba yake ya mwilini imepungua; damu ya kwanza huishia kumjenga mwenyewe. Mayai husubiri mlo wa pili. Binafsi naona huu ni ugunduzi wa kutisha kuliko unavyosikika, kwa kuwa njaa ya kiluwiluwi inakuwa kuumwa kwa mtu mwingine zaidi.

Umri wa mbu nao husomwa kwenye ovari hizo hizo. Chini ya hadubini, ovari ya asiyezaa ina mirija ya hewa iliyojikunja kama uzi kwenye kidonge. Ikishatanuliwa na mayai hairudi ilivyokuwa. Gillies na mwenzake Wilkes walichapisha mwaka 1965 utafiti wa umri wa mbu wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania, matokeo ya upasuaji wa subira, mbu baada ya mbu.

Zile siku mbili tatu za kutulia ukutani ndizo zilizotegwa na mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulipopuliza dawa ya dieldrini ndani ya nyumba hadi mwaka 1959. *Anopheles funestus*, anayependa kulala ndani, alitoweka kwenye eneo lililopulizwa. Huko Pare Kusini nafasi yake ilichukuliwa na nduguye, *Anopheles rivulorum*, ambaye protini ya mayai yake huitafuta zaidi kwa ng'ombe.