Hifadhi bora ya viazi humpa mkulima wa Kaptagat nguvu ya kusubiri bei

KAPTAGAT, iliyo kusini-mashariki mwa Eldoret, ni eneo la nyanda za juu lenye kimo cha takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ulimwengu huifahamu kwa wanariadha wanaofanyia mazoezi huko, lakini udongo na baridi yake huifaa pia kilimo cha viazi, zao la pili la chakula nchini Kenya baada ya mahindi.

Hata hivyo, jasho la shambani laweza kupotea baada ya mavuno. Aina ya Shangi, inayopendwa kwa kukomaa katika muda wa takriban miezi mitatu na kuiva upesi jikoni, huanza kuchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Asiye na ghala hulazimika kuuza wakati majirani zake wote wanauza, na mnunuzi analijua hilo.

Uhifadhi huanza kabla ya kuvuna. Mkulima hukata mashina takriban wiki mbili mapema ili ngozi ya viazi ikomae, isichubuke. Huchimba siku isiyo na mvua, kisha huvitenga vilivyokatwa na jembe au vyenye dalili za kuoza, kwani kimoja kibovu huambukiza vingine. Viazi vya kuhifadhiwa havioshwi.

Ghala la viazi vya kula sharti liwe na giza, ubaridi na hewa inayopita. Mwanga huvigeuza kuwa vya kijani na kuongeza sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Katika Kaptagat, matundu ya ghala yakifunguliwa usiku na kufungwa mchana, baridi ya mlimani hufanya kazi ya mtambo bila gharama ya umeme. Viazi hutandazwa juu ya mbao, wala si juu ya sakafu yenye unyevu.

Mbegu, kinyume chake, huhifadhiwa penye mwanga hafifu ili zitoe machipuko mafupi na imara. Kamwe zisitolewe katika shamba lililopatwa na mnyauko wa bakteria. Shamba hilo lisipandwe viazi, nyanya wala biringanya kwa misimu kadhaa. Mahindi au kabeji hufaa zaidi.

Safarini, viazi visirushwe wala kukaliwa na wapakiaji. Turubai huvikinga na jua na mvua, lakini hewa isizibwe.

Suala la mwisho ni gunia lenyewe. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia ili kukomesha lumbesa. Hesabu yake ni nyepesi: gunia la kilo 50 likiuzwa kwa Sh2,000, kilo moja ni Sh40. Likishindiliwa hadi kilo 100 kwa bei iyo hiyo, kilo hushuka hadi Sh20.

Kwa hivyo, mizani na ghala, hata likiwa dogo la mbao, ni zana za kilimo sawa na jembe. Mwenye navyo huweza kumwambia mnunuzi arudi wiki ijayo.