Tippu Tip, Askofu Steere na faili la Babu

Nimepotea kidogo. Kazi za gazeti zimenibana, halafu hizi wiki mbili usiku wangu wote umeliwa na faili moja la Word. Faili la Babu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu, kastaafu zamani, anakaa Mkunazini. Kwa miaka mingi kaandika kitabu juu ya mitaa ya Ng'ambo: nani alikaa wapi, jina la mtaa limetoka wapi, ngoma gani zikichezwa, na katikati yake mashairi yake mwenyewe. Kurasa 214. Mitaa mingine anayoitaja haipo tena, ilivunjwa yakajengwa majumba ya Michenzani baada ya Mapinduzi, na vichochoro vyake sijaviona vimeandikwa pengine zaidi ya humo. Alianza na taipureta, akahamia kompyuta. Mchapishaji hakumpata. Nakala ikabaki kwenye flopi, na flopi kwa hewa hii yetu ya chumvi, mnajua wenyewe. Kisha umeme ukakatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli ya msingi, ninachokumbuka zaidi ni kelele za majenereta Darajani. Uliporudi, kompyuta ya Babu haikuwaka tena. Kilichookoa kitabu ni kwamba Mama aliwahi kulituma faili kwa barua pepe ili akalichape ofisini kwao.

Sasa macho ya Babu yamepungua. Chapa ya kawaida haioni. Kaniita, nikamwamkia, hata kukaa sijakaa: "Mjukuu wangu, nataka nikisome kitabu changu kabla sijafa. Wewe ndiye uliyesoma, fanya maarifa."

Nikamfanyia PDF. Ikashindikana. Akikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo cha simu, inabidi ausukume kushoto na kulia kama anayepiga makasia. PDF ni ukurasa uliokwisha kukauka. Alichohitaji ni kitabu cha elektroniki chenyewe, EPUB, ambacho maneno yake hutiririka na kujipanga upya kila ukibadilisha ukubwa wa herufi. Nikajua ni kazi ya saa moja. Saa moja!

Kabla sijawaambia yaliyonikuta, nirudi nyuma, maana maneno ya Unguja yamehamishwa kutoka chombo hadi chombo mara nyingi, na kila mara kuna mtu aliyeamua kipi kiingie na kipi kibaki pwani.

Mwaka 1864 misheni ya Kiingereza ya UMCA ilihamia Unguja chini ya Askofu Tozer, pamoja naye Edward Steere, ambaye baadaye na yeye akawa askofu na ndiye aliyejenga lile kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na waliofundishwa kupanga herufi za risasi walikuwa vijana, wengi wao waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Hebu fikiria kijana ametoka bara, kapitishwa jahazini, kisha anapanga herufi moja moja kinyumenyume za lugha ambayo yeye mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza.

Mwaka 1870 Steere akatoa London kitabu cha hadithi za Kiswahili, na juu ya jalada lake kaeleza kuwa ni hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Ndimo alimo Sultani Darai na punda wa dobi. Kiswahili kimewekwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaotazamana nao. Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri, jicho linavuka tu. Kwenye simu hakuna ukurasa wa kutazamana na mwenziwe, upo mmoja tu, na mashine ikiyasoma hayo maandishi yaliyopigwa picha hukurudishia kipande cha Kiswahili, kipande cha Kiingereza, kama redio mbili zimefunguliwa chumba kimoja.

Msidhani wamisheni walikuwa peke yao. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa yake, na humo vikachapwa vitabu vya Kiarabu vya madhehebu ya Ibadhi. Na mwaka 1911 likaanza gazeti la Al-Najah. Nalitaja kwa sababu sisi wa magazeti tunapenda kujua wazee wetu ni nani.

Lakini kisa kinachonikaa zaidi ni cha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Nyumba yake ipo Shangani mpaka leo na mlango wake wa nakshi. Huyu bwana alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, simpambi, lakini aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa kwenye ubalozi wao hapa Unguja, akayageuza kuwa herufi za Kizungu na kuyatafsiri kwa Kijerumani, yakatoka Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip akafariki Mji Mkongwe mwaka 1905. Miaka ya 1958 na 1959 W. H. Whiteley akayatoa tena, Kiswahili na Kiingereza, kupitia jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Sasa angalia ugumu wa kazi ile. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama kilivyozoeleka kuandikwa, mara nyingi hakikutenga b na p, wala f na v, wala o na u. Bata na pata ni maandishi yale yale. Papa na baba vile vile. Mswahili anayesoma haoni taabu, maana sentensi yenyewe inamwambia. Anayehamisha ndiye anayelazimika kuamua, kila neno, na akishaamua, msomaji wa baadaye haoni tena kwamba palikuwa na njia panda. Mimi nimemsoma Tippu Tip kwa herufi hizi za a-be-che. Yaani nimesoma pia maamuzi ya Brode, na siwezi kuyatenganisha.

Mashairi nayo yalibadilika umbo. Katika miswada mingi ya zamani ubeti mzima wa utenzi, vipande vinne, uliandikwa kwenye mstari mmoja. Vilipoingia vitabuni kwa herufi za Kizungu vikateremshwa, kipande juu ya kipande. Leo mtoto wa skuli ukimwambia achore utenzi anachora mistari minne mifupi, na anaamini hivyo ndivyo ulivyozaliwa.

Mengine mnayajua. Mkutano wa Mombasa 1928 ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ikaundwa 1930. Tukaja kupata Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake, Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka kitabu 1960. Vyote hivyo ni karatasi.

Upande wa umeme, Michael Hart alikaa Chuo Kikuu cha Illinois tarehe 4 Julai 1971 akachapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta, na wengi huhesabu hapo ndipo kitabu cha elektroniki kilipoanza. Kwetu, Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizindua Jambo OpenOffice, programu ya uandishi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu. Mwaka 2007 yalikuja mambo matatu kwa mpigo: Word ikaanza faili za docx, EPUB ikawa kiwango rasmi, na Amazon wakatoa Kindle. Docx na EPUB zote mbili kwa ndani ni furushi lililofungwa kwa zipu, mna vijifaili vya maandishi matupu. Ukiligeuza jina unaweza kulifungua ukachungulia. Nilipochungulia la Babu nilicheka, kisha nikanyamaza.

Kwa sababu Babu alijifunza kwenye taipureta. Kila kichwa cha habari kakipeleka katikati kwa kubofya nafasi, moja moja, labda mara thelathini. Kila mwisho wa mstari kabonyeza Enter, kama anayerudisha behewa la mashine. Kwenye karatasi husemi kitu, kazi nadhifu kabisa. Kwenye simu kila mstari unakatika katikati ya kioo na kuacha pengo, na programu haijui hata sura moja inaanzia wapi, maana haikuambiwa "hiki ni kichwa", imeona herufi nene tu. Ningezifuta Enter zote kwa amri moja, lakini mashairi yangekufa. Nikazifuta kwa mkono, kurasa 214.

Halafu ile alama ya juu ya ng'. Pengine ameweka iliyonyooka, pengine Word imeipinda kushoto, pengine kulia. Jicho halioni tofauti, mashine inaona maneno matatu. Nimetafuta "Ng'ambo" katika kitabu kinachohusu Ng'ambo, nikaambiwa imo mara 9! Na ndani ya EPUB mna mstari unaotaja lugha ya kitabu. Kwetu inatakiwa iandikwe sw. Langu lilitoka limeandikwa en, basi maneno yakawa yanakatwa mwisho wa mstari Kizungu, na sauti ya simu ilipojaribu kumsomea Babu, ikamsomea kama mtalii wa Forodhani anayeuliza bei ya pweza.

Nikarekebisha yote, nikampelekea kwa fahari. Akafungua kwenye shairi. Mashairi yake ni ya mizani kumi na sita, ukwapi nane na utao nane, na baina yake pengo. Mimi ili yaenee kwenye kioo nilikuwa nimeteremsha kila utao chini ya ukwapi wake. Mishororo minne imekuwa minane.

"Nani kakwambia univunjie mishororo?"

Nikamweleza habari ya tenzi, kwamba hata wale wa zamani vipande vyao viliteremshwa na hakuna aliyekufa. Nilijiona nimesoma. Akanitazama.

"Wale hawakuwa na wa kuulizwa. Mie nipo."

Tukakaa mpaka baada ya Isha. Tulichokubaliana ni hiki: mshororo unabaki mmoja, na kama herufi ni kubwa mno, mabaki yanashuka yakiwa yamesogezwa ndani, jicho lijue bado ni mshororo ule ule. Yeye mwenyewe kagundua kwamba akiilaza simu upande, mshororo mzima unaenea. Basi anausoma hivyo.

Lakini kulikuwa na kosa jingine, na hili ni langu peke yangu. Katika kusafisha nilipitisha amri ya kubadilisha kila "skuli" iwe "shule". Mkono wa gazeti tu, mhariri wetu hupenda hivyo. Babu hakupandisha sauti. Aliniuliza tu ni shule ipi hiyo aliyosomesha yeye, maana haikumbuki. Nikarudi nyumbani nikaanza kuzirudisha. Na hapo si amri moja tena, kwa sababu kuna mahali yeye mwenyewe aliandika shule, anaponukuu barua za serikali, na nakala yangu ya mwanzo nilikuwa nimeshaihifadhi juu yake. Ikabidi nimwombe Mama atafute ile barua pepe yake ya zamani.

Kaipata, ashukuriwe Mungu. Jana saa tano usiku simu ikalia, nikajua kuna msiba. Ni Babu. Amefika Kisima Majongoo, ukurasa hajui ni wa ngapi, kuna "shule" moja imebaki.