Sauti za Makerere na Sauti Isiyoalikwa

Mwezi wa Juni mwaka 1962, Uganda ikiwa imebakiwa na miezi minne tu kuupokea uhuru wake, kilima cha Makerere kiliwapokea wageni ambao mfano wao ulikuwa haujapata kuonekana pamoja katika Afrika ya Mashariki. Alikuwapo Chinua Achebe, ambaye riwaya yake ya kwanza ilikuwa imetimiza miaka minne tangu kutoka chapani. Walikuwapo Wole Soyinka na Christopher Okigbo, vijana wa Nigeria wenye ulimi mkali. Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi, waliokuwa wakiishi uhamishoni mbali na Afrika ya Kusini. Grace Ogot na Rebeka Njau wa Kenya. Na Langston Hughes, malenga mashuhuri wa Marekani, aliyevuka bahari kuja kuwasikiliza wadogo zake. Walikaa siku kadhaa wakijadiliana, na swali walilolitanguliza lilikuwa zito kuliko yote: fasihi ya Kiafrika ni ipi, na ni nani mwenye haki ya kuitwa mwandishi wake?

Mwaka huohuo ilianzishwa London taasisi iliyoitwa Transcription Centre, chini ya uongozi wa Dennis Duerden, ambayo kazi yake ilikuwa kunasa kwa tepu mazungumzo ya waandishi na wasanii wa Afrika ili yatangazwe redioni. Nkosi, aliyetoka Makerere masikio yake yangali yamejaa mabishano ya kilimani, alikuwa miongoni mwa wahoji wake, na mwezi wa Agosti alizungumza na Okigbo mjini Ibadan. Miaka michache baadaye Robert Serumaga wa Uganda naye aliketi mbele ya kinasa sauti akiwauliza wenzake khabari za utungaji wao. Mwaka 1972 sehemu ya mazungumzo hayo ilitolewa kitabuni na Heinemann, na wengi wetu tuliyajua kwa njia hiyo ya chapa. Lakini chapa si sauti. Kitabu humwonyesha mwandishi akiwa amekwisha kujisahihisha, amefuta alichojutia na kupamba alichopenda, ilhali utepe humdaka angali akilitafuta neno, akivuta pumzi, akirudi nyuma kuitengua kauli aliyoitoa sasa hivi. Okigbo aliuawa vitani mwaka 1967, akiipigania Biafra, kabla diwani yake kuu haijatoka. Na mtu aliyeondoka mapema namna hiyo, kila tamko lake lililonaswa ni amana isiyo na badala.

Nami nazithamini tepu hizo kwa moyo wote. Na kwa kuwa nazithamini, sina budi kulitaja sharti lililouzingira mkutano uliozitangulia. Jina lake kamili liliuita mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza, na jina hilo lilikuwa mlango na kufuli kwa pamoja. James Ngugi, aliyekuja kujulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa mwanafunzi hapo Makerere, naye aliingia kwa hadithi fupi mbili alizokwisha kuchapisha. Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, mwenye *Kusadikika* na *Adili na Nduguze* na mashairi yaliyokuwa yakisomwa katika shule za nchi zetu, hakuwa na sifa ya kuingia, maadamu alitunga kwa Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyekuja kulishuhudia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986, bila kujitafutia udhuru. Na katika mwezi uleule wa Juni ambamo wenzake walikuwa wakiulizana fasihi ya Kiafrika ni ipi, Shaaban Robert alifariki dunia.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili kilikuwa kigeni kwa kinasa sauti. Mwaka 1928, miaka 34 kabla ya mkutano wa Makerere, Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alisafiri na wapiga ala wake kutoka Unguja hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri, na santuri zikarudi kupigwa katika baraza za pwani nzima. Na kabla ya santuri, hifadhi ya sauti ilikuwa kifua cha mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekuwa akirushiana mashairi na malenga wa Lamu katika siku za vita vya Wamazrui, alifariki yapata mwaka 1840. Beti zake zikabaki vinywani mwa watu hata mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya na kuziandika, na mwaka 1940 zikatoka katika diwani. Mjadala wa watunzi, hoja kwa hoja na kina kwa kina, mbele ya hadhara inayohukumu, ulikuwa ada kongwe hapa kwetu, haukuhitaji kuletwa.

Ilipofika mwaka 1967 ilikwisha kudhihirika kwamba jumuiya iliyougharimia mkutano wa Makerere, iliyokuwa pia ikiisaidia Transcription Centre, ilikuwa ikipokea fedha za idara ya ujasusi ya Marekani. Khabari hiyo iliwachoma wengi waliohudhuria bila kuijua. Lakini jeraha la lugha lilikuwa limekwisha kuguswa mapema zaidi, na tena palepale Kampala: Septemba 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la *Transition* kwamba fasihi ya Afrika iliyotungwa kwa lugha za Ulaya ilikuwa imefika ukingoni, wakamjibu Mphahlele na wengineo kwa hamaki. Ngũgĩ alihitaji miaka mingi kulikubali neno hilo, na mwaka 1980 akatoa riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu.

Kumbukumbu za Transcription Centre zimehifadhiwa leo katika chuo kikuu cha Texas, mjini Austin, mbali mno na Ibadan na Kampala, lakini zimehifadhiwa. Kuna mazungumzo mengine niyatamaniyo kuliko hayo yote. Siti alipokaribia mwisho wa umri wake, kabla ya kufariki mwaka 1950, Shaaban Robert alikutana naye, akamhoji, kisha akauandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1958: mwimbaji aliyekwisha kuisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika santuri, na mwandishi aliyekuja na kalamu tu. Hapakuwa na utepe baina yao. Kila niufunguapo wasifu huo hutega sikio kati ya mistari, nikiitafuta lafudhi ya Tanga inayouliza na lafudhi ya Unguja inayojibu.