Idhini ya Baba, Kazi ya Mama: Malezi ya Binti Makanya

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba yake kabla ya kuolewa. Mama alishika nafasi hiyo pale tu baba alipokuwa amefariki. Mwaka 2004 Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ikampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na baba siku 3. Zikisomwa pamoja, sheria hizi zinatuchorea mzazi ambaye neno lake ndilo la mwisho siku binti anapoondoka nyumbani, ingawa alipokuwa mchanga hakutarajiwa kumbeba. Naona mgawanyo huu wa mamlaka na kazi ndio unaomfundisha binti nafasi yake, kabla hata hajasikia neno usawa darasani.

Makanya ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Mji huu mdogo wa jasi na mkonge, kwenye njia ya reli ya Tanga na Moshi, uko katika ukame wa chini ya milima ya Upare wa Kusini. Huko juu Wapare walijenga ndiva, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Kazi ya ndiva ina hesabu: zamu inajulikana, mfereji husafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyetokea hudaiwa. Kwa hiyo anayedai kwamba kugawana kazi kwa haki ni fikra ya kuletwa hajautazama mfereji. Ila hesabu hiyo huishia mlangoni. Ndoo ya maji ya kupikia haina zamu; ni ya mama na binti, na kaka mtu hadaiwi kitu.

Wala wanawake wa Upare hawakuwahi kukosa sauti. Wanaume walipokusanyika Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru, mgomo ulirefuka hadi mwaka uliofuata, wanawake wa Usangi wakaandamana. Kwa maelezo ya mtafiti Jean O'Barr, waliwataka watawala wa kikoloni wamalize shauri la kodi ili waume zao warudi, la sivyo watawala wenyewe wawape mimba. Wengi huikumbuka kejeli hiyo kwa kicheko. Mimi naisoma kama madai ya kazi: wanaume waliweza kugoma kwa muda mrefu kwa kuwa kulikuwa na waliobaki na watoto, na waliobaki walijua gharama yake. Mbiru iliondolewa. Mzigo wa nyumbani haukuguswa.

Kwa upande wa mamlaka, hatua imepigwa. Katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kwamba kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu umri wa kuoa na kuolewa, na kile cha 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Lakini Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 lilimweka binti daraja la tatu katika urithi, na baba anayegawa shamba bado anaweza kuifuata mila hiyo bila kumwuliza mwanasheria yeyote.

Watakaonipinga watasema baba wa Makanya yuko machimboni au safarini, hivyo usawa wa malezi ni anasa ya wenye mishahara. Kuna ukweli hapo: siku 3 zikifanywa 30, mchimba jasi asiye na mkataba hapati hata moja. Lakini baba huyo huyo akiwa mbali hupigiwa simu suala la posa au ada linapofika. Umbali unamwondolea kazi tu. Na akiwapo, akaonekana anafua nepi, watu watanong'ona kwamba amelishwa limbwata. Mnong'ono huo huwarudisha nyuma wanaume wengi kuliko kifungu chochote.

Kijiji kina nguvu ambayo sheria ya ajira haina, kwani mkutano wake umezoea kupanga zamu na kuwadai wasiotimiza. Ningependa uthubutu huo ufike kwenye malezi, kwa tahadhari moja. Kliniki zilipohimiza wajawazito waje na wenzi wao, mama asiye na mume wa kufuatana naye alijikuta akitafuta barua ya mwenyekiti wa kijiji ili apimwe. Utoro ulikuwa wa baba, foleni ikawa ya mama.