Kuta, Baraza na Khofu ya Usiku: Juu ya Usalama wa Mkaazi wa Dar es Salaam

Wenye mamlaka ya miji, wanapoulizwa khabari za usalama, aghalabu hujibu kwa hesabu: nyumba ngapi zimevunjwa, watu wangapi wameporwa, majambazi wangapi wamekamatwa na kufikishwa mahakamani. Jawabu hilo ni la haki, wala hakuna mji uwezao kuendeshwa pasipo hesabu hizo. Walakini mkaazi wa Dar es Salaam atiaye komeo, akaongeza kufuli, kisha akalala sikio lake likiwa uani, hakuzipitia daftari za polisi kabla hajaogopa, wala hatazipitia kesho ili apate kuacha kuogopa. Khofu yake ina asili yake na mwendo wake. Rai ya makala haya ni kwamba khofu hiyo yastahiki kutazamwa kuwa jambo la umma lisimamalo peke yake. Na kwamba dawa tuliyoizoea, yaani kila mwenye uwezo kujijengea ukuta wake, huihamisha khofu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine pasipo kuipunguza katika jumla ya mji.

Kwamba khofu na uhalifu haviendi sambamba daima, ithibati zake si chache. Mwanzoni mwa Januari 2015 zilivuma jijini khabari za makundi ya vijana waliojulikana kwa jina la Panya Road, kwamba wamo njiani wakipora na kujeruhi. Uporaji ulikuwapo kweli katika baadhi ya mitaa, lakini khofu ilipita katika simu za mkononi ikawatangulia waporaji, maduka yakafungwa kabla ya saa zake, na watu wazima wakatimua mbio pasipo kujua wanamkimbia nani. Huko Marekani jambo hili lilipata kuchunguzwa kwa majaribio. Katika mji wa Kansas City, mwaka 1972 hadi 1973, maeneo 15 ya doria yaligawanywa mafungu matatu: la kwanza likaachwa bila ya doria ya kawaida ya magari, la pili likabakishiwa doria yake ya zamani, na la tatu likaongezewa mara mbili au tatu, na ilipofika tamati, uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha kuzingatiwa baina ya mafungu hayo, wala khofu ya raia haikubadilika. Miaka michache baadaye, huko Newark, askari waliagizwa wafanye doria kwa miguu. Uhalifu haukushuka, ila wakaazi walijihisi salama kuliko kwanza. Sababu yake, kwa dhana yangu, haiko mbali: gari lipitalo kwa kasi halijulikani lina nani ndani yake, ilhali askari aendaye kwa miguu husalimiwa, huulizwa khabari, na akiitwa huitika.

Nisidhaniwe kuwa naidharau khofu. Wahenga waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio walijua kwamba khofu ya kiasi ni hadhari, na hadhari huokoa roho. Ninachokihoji ni ile iliyopita kiasi, imfanyayo mtu aukimbie mji wake mwenyewe ifikapo magharibi, na ambayo, kwa jinsi anavyojikinga nayo, huwazidishia khofu wenziwe.

Tuitazame nyumba. Nyumba ya Kiswahili, kama ilivyojengwa Kariakoo, Ilala na Magomeni, ina vyumba vya kupangana pande mbili za ukumbi mrefu, uani kwa nyuma, na kibaraza mbele chenye kuelekea njia. Kibarazani hapo walikaa wacheza bao, mzee na tasbihi yake, muuza kahawa na birika lake. Na madirisha yalitazama barabarani, hata apitaye akapita mbele ya macho. Hakuna aliyeajiriwa kulinda, na hata hivyo njia haikuwa tupu. Kisha mji ukatanuka kwa kasi isiyokuwa na mfano: sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,497,940 mkoani Dar es Salaam, ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya 2022 ikafikia 5,383,728. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji, mtu akawa hamjui apangaye chumba cha pili, seuze jirani wa mtaa wa pili. Na mwenye fedha akahamia Mikocheni au Mbezi Beach, akajenga ukuta mrefu kuliko kimo cha mtu, akapandikiza vigae vya chupa juu yake au nyaya za umeme, akatia geti la chuma na mlinzi wa kampuni.

Kwa mwenye nyumba, ukuta ule una faida yake, na simlaumu baba aliyekwisha kuvunjiwa mlango usiku kwa kuwakinga ahali zake. Lakini ukuta una pande mbili, na upande wa nje haumilikiwi na mtu. Kama vile maji ya masika yazuiliwayo kwa tuta uwanjani pa mmoja yasivyokauka, bali humiminikia kwa jirani asiye na tuta, ndivyo khofu iliyofungiwa geti inavyobaki njiani ikimngojea apitaye. Na apitaye ni nani? Ni mama ntilie aliyeamka alfajiri kuwahi sokoni, ni muuguzi atokaye zamu ya usiku, ni kijana wa kazi aliyeteremka katika daladala ya mwisho, nao hupita baina ya kuta mbili zisizo na dirisha hata moja. Wakivamiwa na kibaka wakapiga yowe, aliye ndani hasikii kwa kelele za mbwa na jenereta; na akisikia, hafungui, maana geti lake lilijengwa ili lisifunguliwe usiku. Mwenye gari huvuka njia hiyo vioo vimepandishwa, na maadam ndiye mwenye sauti mbele ya wakubwa, hali ya njia huwa haisemewi.

Hapa msomaji mwenye insafu atauliza: je, mwandishi huyu anaitamani enzi ya kibaraza, nasi tulioikulia twajua uzito wake? Swali hilo ni la haki. Jicho la jirani hulinda, na jicho lilo hilo hupeleleza. Binti aliyechelewa kurejea alizungumzwa kabla hajavua viatu. Utaratibu wa balozi wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, uliwapa majirani mtu wa kuwasuluhisha na wa kumjua mgeni aliyehamia, lakini ulikuwa pia mkono wa chama, na mwenye rai tofauti aliweza kuonekana kuwa mhalifu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilifuatiwa na misako ya vijana wasio na ajira rasmi, ikawageuza watuhumiwa kwa sababu tu ya umaskini wao. Sungusungu nao, walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi, wakatambuliwa kwa sheria mwaka 1989 na baadaye kuingizwa mijini, walileta usingizi mwema mahali pengi, na mahali pengine wakaleta viboko visivyo na hukumu. Jirani zetu wa Kenya, walipouanzisha mpango wao wa Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate mwezi Septemba 2013, walikutana na mashaka hayo hayo juu ya nani atamtazama mtazamaji.

Na liko jambo zito kuliko yote hayo. Yowe la mwizi, lililokuwa wito wa msaada, limekuwa katika miji yetu wito wa mauaji: umati hukusanyika, haujui aliyeibiwa wala kilichoibiwa, na kijana hufa kwa mawe na moto kabla ya kuulizwa jina. Wako wasemao kwamba hiyo ni hasira ya wananchi wenye kuchoka. Mimi naona ni tunda la khofu isiyokuwa na pa kupeleka mashitaka yake. Na dhuluma hiyo haimwachi yeyote salama, kwani mgeni aliyepotea njia usiku anaweza kuwa mwizi kwa kinywa cha mtu mmoja tu.

Basi yatakiwa macho njiani, na yatakiwa sheria juu ya macho hayo. Macho hayaletwi kwa mahubiri ya ujirani mwema. Huletwa na kazi imuwekayo mtu mahali. Mwandishi Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya miji mikubwa ya Marekani, alieleza kwamba amani ya njia hushikwa zaidi na wenye maduka na wapita njia kuliko polisi. Dar es Salaam tunao watu hao: mwenye genge la nyanya lenye taa, mkaanga chipsi akeshaye hadi saa sita, duka la Mangi lisilofungwa mapema, kijiwe cha bodaboda ambacho kila dereva wake anajulikana kwa jina. Wamachinga walipoondolewa kando ya barabara mwezi Oktoba 2021, hoja ya msongamano na usafi ilikuwa na ukweli wake. Lakini kila kibanda kilichokuwa kikikesha, kilipobomolewa, mpita njia wa usiku alipungukiwa na shahidi mmoja, na hasara hiyo haikuingizwa katika hesabu yoyote.

Yapasa iingizwe. Halmashauri inapotoa kibali cha kujenga, inaweza kuweka sharti kwamba ukuta wa mbele uwe na matundu au uwe mfupi kiasi cha kuonana. Inapowahamisha wafanya biashara, inaweza kuwaachia nafasi za usiku penye vituo vya daladala. Na taa za barabarani zisiishie njia kuu, zifike na vichochoroni. Polisi nao wapewe mitaa ya kuitembea kwa miguu kwa muda mrefu, ili wajulikane na wajue, na ulinzi shirikishi uwe chini yao kwa sharti lisilokiukwa: mtuhumiwa hufikishwa kituoni akiwa hai. Gharama ya mambo haya si ndogo, na wenye kuta watauliza kwa nini walipie njia wasiyoitembea. Jawabu ni kwamba wanailipia tayari, kwa mishahara ya walinzi na kwa mageti ya chuma, na hawajapata kwa malipo hayo mji ambao watoto wao wanaweza kuutembea; ilhali asiye na ukuta, na hao ndio wengi wa mji huu, analipia khofu yao pamoja na yake.