Upenyaji: Chembe Nyeupe Zinapotoka Mshipani

Mkata chikichi wa Mwandiga akichomwa na mwiba wa mchikichi, kesho yake kidole ni chekundu, kina joto, kimevimba na kinauma. Dalili hizo nne kwa pamoja ndizo mchochota. Uvimbe ni moja tu kati yake. Baada ya siku chache kidole hutunga usaha, na usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokwisha kufa. Zilitokaje mshipani, hata pale ambapo mwiba haukugusa mshipa?

Wanasayansi huliita tendo hilo diapedesi, kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kuruka na kutokea upande wa pili. Mwaka 1867, Julius Cohnheim alilieleza baada ya kutazama kwa hadubini mishipa ya chura aliye hai: chembe nyeupe zilijipanga ukutani, kisha moja moja zikachomoza nje. Kuruka hakukuwapo.

Tusiseme zinavuja. Kinachovuja ni maji ya damu, kama mawese kwenye dumu lililotoboka, nayo ndiyo huleta uvimbe. Chembe nyeupe huitwa na kemikali zinazotoka penye jeraha. Protini za selektini huipunguza mwendo, ikawa inabingirika juu ya ukuta wa kishipa cha vena. Kisha hunata kwa integrini zake, hutambaa ikitafuta upenyo, hujibana na kupita, mara nyingi katikati ya seli mbili za ukuta. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya integrini hizo hupata maambukizi mara kwa mara, lakini vidonda vyake havitungi usaha: chembe zimejaa kwenye damu, ila hazifiki zinakohitajika.

Kwa hiyo, kwa Kiswahili, napendekeza diapedesi iitwe upenyaji. Kupenya ni kupita kwa nguvu zako mahali pembamba, na ndivyo chembe hizi zifanyavyo.

Malaria inatuonyesha faida ya kutenganisha kunata na kupenya. Seli nyekundu zenye vimelea vya Plasmodium falciparum hunata kwenye kuta za vishipa, hata vya ubongo. Baadhi hushika ICAM-1, protini ileile inayoshikwa na chembe nyeupe. Aina yake moja, iliyotangazwa mwaka 1997, huitwa ICAM-1 Kilifi, kwa jina la Kilifi ya Kenya. Lakini seli hizo nyekundu hazipenyi. Hubaki palepale zikiziba njia ya damu, na hapo ndipo hatari ilipo.