Kiswahili Kinywani mwa Majini: Tukiurudia Mchezo wa Resident Evil 5

Katika makala haya mafupi tunanuia kuurejelea mchezo wa video wa kutisha ambao una jambo la kumhusu mwalimu wa Kiswahili. Mchezo huo ni Resident Evil 5, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009 kwa mitambo ya PlayStation 3 na Xbox 360. Mwaka 2016 ulitolewa upya kwa PlayStation 4, na ndio tuliourudia hivi karibuni pamoja na baadhi ya wanafunzi wetu hapa Nkoma.

Mfululizo huu ulianza mwaka 1996. Katika toleo la nne, la mwaka 2005, hadithi hutukia Uhispania na maadui husema Kihispania. Toleo la tano lilihamia Afrika, katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju. Ajabu ni kwamba eneo hilo limewekwa Afrika Magharibi, ilhali wakazi wake husema Kiswahili! Wakazi hao wakishaingizwa kimelea mwilini hugeuka wauaji, nao huitwa Majini.

Neno hili lastahili kuchunguzwa. Jini, wingi wake majini, ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika imani za pwani wapo majini wema na wabaya, na aliyepandwa na jini ni mgonjwa wa kuaguliwa, si adui wa kupigwa risasi. Waundaji wa mchezo walichukua ubaya, wema wakauacha. Aidha, Sheva Alomar, Mwafrika aliye upande wa mashujaa, huzungumza Kiingereza na mwenzake. Filamu fupi ya kuutangaza mchezo huu mwaka 2007 ilizua mjadala mkali kuhusu rangi ya ngozi. Sisi twaongeza: na lugha je?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu Uganda. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo kikosi chake cha nne kilikuwa na kambi Jinja, mahali palipotokea maasi ya askari mwezi Januari 1964. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wananchi wengi walikisikia kwa askari mwenye bunduki kwenye vizuizi vya barabarani. Hofu ile haikuisha upesi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Wanafunzi wetu walianza kwa kucheka waliposikia Kiswahili kikitoka kwenye televisheni. Baadaye mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona kila anayesema lugha yetu lazima auawe?" Kicheko kikakoma.

Hatusemi mchezo upigwe marufuku. Tunapendekeza uletwe darasani: wanafunzi wayaandike maneno ya Majini, wapime sarufi na matamshi yake, kisha wajadili nani amepewa lugha gani na kwa nini. Babu zetu walikisikia Kiswahili kwanza katika amri ya askari. Tusikubali wajukuu wao wakisikie kwanza katika ukelele wa dubwana, ilhali sisi walimu tupo.